Nyapara wa Gizani

Nilifungiwa Jumamosi saa sita mchana ndani ya nyumba iliyozibwa dirisha, nikatolewa Jumapili jua likielekea kushuka. Nikiwaeleza watu hapa mtaani Matisi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ati mzee mzima afungiwe kwenye chumba chenye mlango wa mbao, na miguu ya kupiga teke anayo. Nikiwaambia kwamba Jumapili asubuhi mtu alikuja na ufunguo mkononi na mimi nikakataa kufunguliwa, wanaacha kucheka, wanaangaliana. Wanaona mzee amechoka kichwa.

Sasa nimeona niandike yote. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu ya ng'ombe. Habari za ng'ombe huyo sizianzi leo, maana nikianza hapo hatutafika Kitale. Herufi zangu ni kubwa na zinalala upande, lakini zinasomeka.

Nilizaliwa upande wa Bungoma. Nikahamia Kitale kutafuta vibarua, nikavitafuta mpaka meno yakaanza kung'oka. Mwisho nikapata kazi kwenye shamba la majaribio, mahali pa watu wasomi wanaopanda mbegu kidogo kidogo na kuziandika kwenye vitabu. Mimi kazi yangu ilikuwa maji. Kila mtu aliniita mzee wa maji, na jina hilo halikunikera.

Nyuma kabisa ya shamba kuna nyumba ndogo ya mawe. Wanasema wakati wa wazungu walikuwa wanaweka maziwa humo yapoe. Kuta ni nene kama urefu wa mkono wangu, juu ni mabati, na chini ya mabati kuna mbao na maranda ya seremala. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo limezibwa kwa ubao, ubao ukapakwa lami. Ukiingia unasimama kwanza kwenye nafasi nyembamba kama kabati, unafunga mlango nyuma yako, ndipo unainua pazia jeusi zito na kupita kwenye miche. Hiyo ndiyo nyumba ya giza. Ndani kulikuwa na balbu moja ya kijani, hafifu, ya kukuonyesha usijikwae. Mche hauijali sana rangi ya kijani. Nuru nyingine yoyote ni marufuku.

Mwenye nyumba hiyo, tuseme hivyo, alikuwa binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, naye wa kwetu Bungoma. Aliponisikia nikizungumza siku ya kwanza, akaniuliza kwa Kibukusu natoka wapi, na tangu hapo akaniita kuka, yaani babu. Yeye ndiye aliyenichagua niingie humo kupuliza maji. Wengine waliomba wakanyimwa.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu jicho lako moja lina mtoto wa jicho na la pili halina haraka," akasema. "Wewe hutatafuta taa, kuka."

Alikuwa na mdomo, yule. Tulicheka.

Kumbe giza la namna ile nililijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa akipika pombe ya busaa, na kabla ya busaa kuna kimea. Wimbi, yaani ulezi, linawekwa kwenye maji, linatandazwa juu ya majani ya mgomba kwenye kona ya nyumba, linafunikwa gunia, na watoto wanaonywa. Ole wako ufunue gunia uchungulie! Wimbi likiona mwanga linatoa kijani, na mama alisema busaa yake inakuwa chungu. Nilichapwa kwa kuchungulia. Niliona vitu vyeupe vyembamba vimejikunja, vinatafuta njia, nikaogopa kama nimefungua tumbo la mtu. Lakini kwa nini vilikuwa vyeupe, mama hakujua, na mimi sikuuliza. Nilingoja miaka sitini hivi kumpata wa kunieleza.

Binti alinieleza tukiwa tumekaa juu ya ndoo nje, tukila mahindi ya kuchoma.

"Kuka, ndani ya mche kuna protini."

"Protini nazijua. Maharagwe, mayai. Kliniki waliniambia."

"Hizo ni za kula. Mimi nasema za kufanya kazi."

"Hata za kula zinafanya kazi. Jaribu kulima na chai kavu uone."

Akasema basi, sikiliza. Mche una vyumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na katikati ya kila chumba kuna kiini, ndiyo ofisi. Protini nyingine ni mafundi. Kazi yao ni kufungua majani na kuyatia kijani. Lakini mbegu ikiwa bado gizani, udongoni, kuna protini moja inakaa pale ofisini na kuwaondoa hao mafundi. Kila fundi anayejitokeza anatiwa alama, anapelekwa kuvunjwavunjwa. Hakuna anayefanya kazi.

"Huyo ni nyapara," nikasema.

"Nyapara ni nini?"

Hawa watoto wa siku hizi! Nikamweleza. Baba yangu alifanya kazi kwenye shamba la mzungu upande huu wa Trans-Nzoia, na msimamizi aliyesimama na fimbo aliitwa nyapara. Mzungu ulimwona mara moja kwa wiki. Nyapara ulimwona hata ukifumba macho. Binti akapenda. Akatoa kalamu, akaandika neno hilo kwenye daftari lake, na mimi nikajisikia mtu.

"Sasa huyo nyapara si mbaya," akaendelea. "Chakula ndani ya mbegu ni kidogo. Ukifungua majani gizani, unayafungulia nini? Ni hasara tu. Afadhali nguvu zote ziende kwenye shina lirefuke, litafute nuru. Kuna protini nyingine kazi yake ni hiyo ya kurefusha. Na kichwa kinainama kama ndoano, ili majani yasichubuke na udongo."

"Halafu nuru ikija?"

"Kuna protini inayopokea nuru. Ikiguswa na mwanga inabadilika umbo, inaingia ofisini, inamfunga nyapara mikono. Wale wa kurefusha nao wanaondolewa. Mafundi wanapumua. Shina linapunguza mbio, kichwa kinainuka, majani yanafunguka, kijani inaingia."

"Nuru kiasi gani?"

"Kidogo sana, kuka. Ya dakika moja mche unaisikia."

Yeye alikuwa na mbegu za sukuma wiki za aina mbili. Aina ya kwanza ni sukuma ya kawaida. Aina ya pili nyapara wake ameharibika tangu kuzaliwa, kwa hiyo hata gizani mafundi wanajifanyia kazi, mche unabaki mfupi na kufungua majani kana kwamba umeona jua. Alitaka kuziotesha pamoja gizani siku sita, azipime, aonyeshe walimu wake tofauti. Mbegu za aina ya pili zilikuwa chache, kwenye pakiti ndogo kama ya dawa ya kichwa. Za kununua hazikuwepo.

Hapa ndipo nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mara ya kwanza alipopanda, siku ya nne, niliingia peke yangu kupuliza maji nikasikia panya. Kru kru kru, kwenye trei zenyewe. Balbu ya kijani haikunionyesha kitu. Nikafikiri, panya akimaliza miche nitasema nini? Nikatoa simu yangu, ile ndogo tunayoita mulika mwizi, nikawasha tochi. Nikamfukuza panya chini ya meza, juu ya meza, nyuma ya ndoo, mwanga ukizunguka chumba kizima. Ilichukua muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Panya akapita chini ya pazia na mimi nikazima. Kimya. Miche yote imesimama vilevile. Nikajiambia, hakuna kilichotokea.

Siku ya sita binti akaingia na rula. Akatoka uso umebadilika. Sukuma za kawaida zilikuwa nyingine fupi, nyingine zimeinua vichwa na kufungua majani nusu. Hakuweza kuzitofautisha vizuri na zile za nyapara mbovu.

"Kuka, kuna mtu aliingia na taa?"

"Hakuna."

Neno moja. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Akalala na shida yake siku mbili, kisha akaamua mbegu zimechanganyika huko zilikotoka. Pakiti aliyokuwa akitumia akaitupa kwenye moto wa takataka. Mimi nilikuwa nimeshika reki, ndimi niliyekuwa nachochea ule moto. Niliona karatasi ikijikunja. Hata hapo ningeweza kusema. Nilisema, "Moshi mwingi leo."

Alibaki na kijiko kimoja cha mbegu za nyapara mbovu alizokuwa ameziweka kando. Walimu wake walimwambia hii ni mara ya mwisho. Ikishindikana, masomo yake yasimame hapo, atafute kitu kingine. Akapanda tena Jumanne. Kupima ilikuwa Jumatatu. Mimi tangu siku ya panya nilianza kuacha simu nyumbani, nisije nikajaribiwa tena.

Jumamosi ile binti alienda Bungoma kwenye harusi ya dada yake. Mke wangu naye alikuwa Ndalu kwa ndugu yake, wanavuna maharagwe. Mimi nikafungua kufuli kwa ufunguo wangu, nikaliacha linaning'inia nje, nikaingia nyumba ya giza saa nne na nusu.

Sasa kuna desturi yetu. Aliye ndani ya nyumba ya giza anaacha gambuti zake, buti za mpira, nje ya mlango. Kwanza tope lisiingie. Pili, anayepita ajue kuna mtu. Hatukuwa na kibao wala karatasi, gambuti ndizo zilizokuwa zikisema. Lakini siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe, mnaijua ya Kitale, na mimi nina baridi yabisi kwenye vidole vya miguu. Nikafikiri, gambuti zikijaa maji nitavaa nini? Nikazivuta ndani, nikaziweka pale kwenye nafasi ya kabati.

Jumamosi kazi inaisha saa sita. Askari wa mchana, baba mmoja wa makamo kutoka miteremko ya Mlima Elgon, huzunguka akifunga milango. Akaangalia chini. Gambuti hakuna. Akapachika kufuli, akaenda zake.

Mimi nilisikia kitu kama mlio wa chuma, lakini mawe yalikuwa yanapiga mabati na stima ilikuwa imepotea, balbu imezimika. Niliendelea kupuliza maji kwa kupapasa. Nilipomaliza nikasukuma mlango. Ukagoma. Nikasukuma kwa bega. Nikaita. Nikapiga ngumi mpaka mkono ukafa ganzi. Mvua ilikuwa inanijibu yenyewe.

Wacha niseme kweli, niliingiwa na woga wa ajabu. Sijui mnavyolifikiria giza. Giza la nyumbani lina mwanya, lina nyota, lina jirani na koroboi. Hili halikuwa na mwanya. Nilipeleka mkono usoni nikajichoma jicho. Nikahisi kuta zinakuja. Nikarudi nyuma, nikajikwaa kwenye gambuti zangu, nikashika pazia nisianguke. Pazia likang'oka na ubao wake na misumari yake, likanifunika pale chini kama maiti.

Nilijaribu kulirudisha. Misumari ilikuwa imetoka na lipu ya ukuta, matundu yamebaki makubwa kama kidole. Nilisimama kwenye ndoo, nikaanguka, nikasimama tena. Halikushika. Nikakaa sakafuni nikaielewa hali yangu. Pazia halipo. Yeyote atakayefungua mlango mchana ataingiza jua lote juu ya trei, na mbegu za mwisho za yule mtoto zitakuwa zimeona nuru. Nilikuwa nimefungiwa na kufuli kwa nje na pazia kwa ndani, na lile la ndani nililiangusha mwenyewe.

Kulikuwa na tofali chini ya meza la kuzuia mguu usicheze. Nililishika mara mbili. Ubao wa dirisha ningeuvunja kwa mapigo matano, nitoe kichwa, niite, mtu angesikia. Mara ya pili nilikuwa nimeshainua mkono. Nikaona ile karatasi ikijikunja motoni. Nikaliweka tofali chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Muda nilianza kuusoma kwa masikio. Mvua ilikoma, ng'ombe wa jirani wakapita, kwa hiyo jioni. Mbwa wa askari wa zamu nyingine wakabweka mbali kule getini. Nikaita tena, sauti ikaishia kwenye maranda. Halafu baridi. Nikajikunja ndani ya lile pazia. Maji nilikunywa kutoka kwenye bomba la kupulizia, yanatoka kama umande, unafungua mdomo na kujipulizia kama kuku. Haja ndogo nilitumia jerikani. Kubwa, Mungu alinisaidia haikuja. Naandika haya kwa sababu watu wanaosimulia kufungiwa husahau kuyataja, lakini huko ndiko akili ya mtu inakoshinda.

Na nilikuwa mpweke. Miche ilikuwa mezani, mkono wangu ukaifikia. Trei iliyokuwa karibu na nilipokaa, nikaipapasa juu juu, kwa kiganja. Vichwa vidogo vilivyoinama, mamia, laini kama nywele za mtoto mchanga. Vikainama chini ya mkono na kuinuka tena. Nikavipapasa tena. Nilikuwa nazungumza navyo, sioni aibu. Niliviambia, nyinyi na mimi tuko hapa. Nyinyi mna nyapara ofisini anayewaambia msifungue macho bado. Mimi wangu ananiambia nini? Ananiambia nyamaza, nyamaza, ukisema utafukuzwa kazi. Kutwa hiyo na kuamkia kesho yake nilivipapasa kila woga uliponirudia. Ikawa kama watu wanavyohesabu tasbihi. Sikuona ubaya. Mkono hauna mwanga.

Jumapili nilijua imefika kwa ngoma za kanisa kutoka upande wa Kipsongo. Hewa ilikuwa kavu. Nikachukua gambuti moja, nikapiga mlango kwa ule mpira mgumu wa kisigino, mpigo mmoja mmoja, wa pole, nisichoke. Nilipiga ibada nzima. Mwishowe nikasikia hatua.

"Nani huko?"

"Mimi."

"Mimi nani? Kama ni mwizi sema mapema nilete wenzangu."

"Mzee wa maji!"

Yule askari wa mlimani akasema polepole, "Mzee wa maji alienda nyumbani jana. Gambuti hazikuwa hapa."

"Gambuti ninazo ndani, bana! Mvua ya mawe!"

"Uuuwi. Mzee! Toka jana?" Nikasikia funguo zinagongana. "Pole, pole sana, nafungua."

"Usifungue!"

Funguo zikanyamaza.

"Unasema?"

"Nasema usifungue. Pazia limeanguka. Ukifungua, jua litaingia kwa miche ya binti."

"Mzee, hii ni sukuma wiki?"

"Ndiyo."

"Sukuma wiki hii ya ugali?"

"Hii ya shule."

"Ati umekaa gizani na njaa, unakataa kutoka juu ya mboga. Si watu watasema nimekuua? Weka hata shati hapo mlangoni, nifungue kidogo utoke kama panya."

"Panya ndiye alileta shida yote hii," nikasema. Hakuelewa.

Akaniambia ana blanketi, lakini lina matundu kama chujio, amelala nalo miaka. Nikamwambia ampigie binti simu. Akapiga pale pale, nikamsikia akipaza sauti kama watu wa mlimani wanavyofanya kwenye simu, "Madam! Babu yako yuko ndani ya friji ya wazungu! Anakataa kutoka!" Mvumilieni, alikuwa mtu mzuri. Akaleta kiti, akakaa nje ya mlango mchana wote akinisimulia mpira uliokuwa ukitangazwa redioni. Alijaribu kunipitishia chapati chini ya mlango, akainua mpira uliozibia, nikaona uzi mweupe wa mwanga umeingia sakafuni, nikaukanyaga kwa soksi na kuuziba kwa sweta. "Kula wewe," nikamwambia. Nikamsikia akila. Ile sauti ya kutafuna ilikuwa adhabu tosha.

Kujua kwamba mlango unafunguka na mimi ndiye ninayekataa kulikuwa kugumu kuliko jana yake. Jana nilikuwa na wa kumlaumu. Leo kila nilipopumua nilikuwa nachagua tena, na kila nilipochagua nilikuwa najua kwa nini. Sikuwa mtu mwema. Nilikuwa nalipa neno moja, lile la "hakuna", na binti anayenidai hajui kama ananidai.

Binti alifika mchana ukiwa umeinama. Alitoka Bungoma na nywele za harusi, hizo niliziona baadaye. Nilisikia wakiburuta turubai la kuanikia mahindi, wakalitundika nje ya mlango na kulifunga chini kwa mawe, wakaliweka mara mbili. Kufuli likalia. Mlango ukafunguka na giza likabaki giza. Nikasikia harufu ya mafuta ya nywele na kuku wa kukaanga.

"Kuka."

"Niko."

"Kuka, ulikuwa unataka kufa juu ya mbegu zangu?"

Akawasha tochi yake ya kijani. Hakuniangalia mimi kwanza, na nilifurahi. Akaenda kwenye trei. Nikamwona akiinama, trei moja, ya pili, ya tatu. Sukuma za kawaida zilikuwa ndefu, zimepauka, vichwa vimeinama. Zile za nyapara mbovu zilikuwa fupi na majani wazi, katika giza ambalo halijaona nuru hata punje. Akaanza kucheka peke yake, kicheko cha kulia.

"Ziko sawa. Kuka, ziko sawa!"

Kisha akafika kwenye trei ya mwisho, ile ya karibu nami, akainama zaidi.

"Hii ni ya kawaida," akasema. "Mbona ni fupi? Na ni nene." Akasogeza tochi. "Lakini vichwa vimeinama na majani yamefungwa. Hazijaona mwanga hizi." Akanigeukia. "Umezigusa?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Tangu jana."

Akavuta pumzi. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba mche ukiguswa gizani unafikiri kuna jiwe juu yake. Unaacha kurefuka, unanenepa shina ili usukume. Kuguswa kunaandikwa mwilini mwake kama mwanga unavyoandikwa, ila kwa mwandiko mwingine. Trei hiyo hataihesabu. Zilizobaki zinatosha.

"Usijali," akasema. "Trei moja si kitu. Angalau najua ni nini kilitokea. Ile mara ya kwanza ndiyo hata leo sijui."

Angenipiga ningeona nafuu. Nilikuwa nimesimama na soksi zenye maji, turubai nyuma yake, na mahali pa kupita palikuwa wazi. Ningesema asante, nikatoka, nikala kuku.

"Ile mara ya kwanza ni mimi," nikasema. "Nilimulika panya. Kwa simu. Nikazungusha chumba kizima. Ukaniuliza nikasema hakuna."

Akageuza tochi. Ilibaki inamulika ukutani.

"Nilichoma mbegu, kuka."

"Najua. Nilikuwa nachochea."

"Ulikuwa unajua ni nzima?"

"Nilijua."

Sikuomba msamaha palepale. Nilitaka, lakini maneno ya msamaha niliyoyapanga gizani yote niliyaona ya uongo. Akasema, "Toka nje, nipange pazia." Nikapita chini ya turubai kwa magoti. Jua lilinipiga nikakaa chini, machozi yanatoka yenyewe, yule askari ananiwekea chapati iliyobaki mkononi na kusema, "Mzee wa mboga, kula."

Jumatatu alipima. Nilikaa nje kwenye ndoo nikamsikia akisoma namba kwa sauti na kuziandika, asubuhi nzima. Alipomaliza alifungua mlango wazi, mara ya kwanza tangu nijue nyumba ile, akaniita nimsaidie kubeba trei. Tukaziweka chini ya wavu wa kivuli, maana jua kali lingeziunguza. Alikuwa ameandika yote kwenye daftari, trei niliyoigusa na taa ya panya pia, na akasema walimu wake watayasoma.

"Wataniita?"

"Sijui. Wakiita, utakuja?"

"Nitakuja."

Akaniambia pia kwamba ufunguo wa nyumba ya giza utakaa na mtu mwingine. Mimi nirudi kwenye vitalu vya nje. Alisema bila hasira, akiangalia miche na siyo mimi. Nikasema sawa, mama. Nikachukua bomba langu. Nilipopita pale jioni vichwa vilikuwa vimeanza kuinuka, na ile trei yangu, fupi na nene, nayo alikuwa ameiweka kwenye safu pamoja na nyingine, haikutupwa. Nikaipulizia maji kwa mbali, bila kuigusa.